Katekista Yotham Chigwile na Jina Alilolikataa

(Wasifu umeandikwa na kusomwa na binti yake, Penina)

Ndugu waombolezaji, mwanzo wa maneno haya marehemu alisomewa mwenyewe mwezi Januari, akiwa kitandani. Penina alikuwa ameandika "mtumishi mwaminifu". Mzee akainua mkono. "Futa hapo, mwanangu. Andika niliyoyafanya, watu wapime wenyewe." Basi pamefutwa.

Katekista Yotham Chigwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Chinyelele, Dodoma, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Siku moja mwalimu alimpa tisa kwenye hesabu, naye akairudisha karatasi mezani: "Mwalimu, umekosea, nimepata saba." Mwalimu akasahihisha. Yotham akaenda nyuma ya darasa, akalia weee! Kisa hicho alikisimulia mpaka uzeeni.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Anyesi, wakajaliwa watoto watatu. Mama alizoea kumtania kwamba yeye akiombea chakula, ugali unapoa. Walilima uwele na zabibu. Mwaka 1979 akawa katekista wa mtaa wa Chinyelele, akatumika kwa miaka thelathini na miwili. Wagonjwa aliwafuata kwa miguu, jua la Ugogo likimchoma utosini. Kilabuni hakuonekana hata siku moja. Watu wakampachika jina la Msimamo, naye akalipenda. Akalipenda mno, na hapo ndipo penye uchungu wetu.

Agosti 1997 alifariki mama Angelina Mlewa, mwimbaji wa kwaya, aliyemzidi Yotham umri kwa miaka mingi. Kabla ya kuugua, watu walimwona akiingia nyumbani kwa mganga, tena si mara moja. Chinyelele, aliyekwenda kwa mganga hutengwa, na aliyetengwa hazikwi na kanisa: hapati mchungaji, wala kwaya, wala msalaba kaburini. Wazee wa kanisa wakamwachia katekista aamue. Filipo, mwana wa Angelina, alimfuata hadi shambani.

"Katekista, ulimwuliza mama kule alifuata nini?"

"Kanisa lina utaratibu wake, Filipo."

Hakumwuliza, ndugu zangu. Aliambiwa na watu, akaona inatosha. Angelina akazikwa na wanawe na majirani wachache, bila wimbo.

Mwaka 2003 mke wa mganga huyo, bibi Mbeleje, ambaye sasa alikuwa mjane, alijiunga na darasa la ubatizo. Katekista akamwuliza anataka jina gani. Akasema, "Angelina."

"Kwa nini hilo?"

"Nilikuwa na vidonda mwili mzima, hata dawa za mume wangu zilishindwa. Ndugu zangu walinikimbia. Angelina ndiye aliyekuja kuniosha. Akawa ananifunga vitambaa huku akinifundisha Baba Yetu."

Yotham akainamia daftari la ubatizo. Kisha akasema, "Akina Angelina tunao wengi. Wewe chukua Marta." Bibi yule akabatizwa Marta, na akafariki akiitwa Marta.

Kwa nini hakusema? Alitujibu mwenyewe: "Niliogopa waseme Msimamo amekosea." Jamani! Mtoto aliyerudisha alama mbili siku ileile alikaa na jambo hili miaka ishirini na mmoja. Na miaka hiyo yote alifundisha toba, tena alifundisha vizuri, watu wakatubu.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019. Mwaka 2023 alikatwa mguu wa kushoto, akahamia kwa Penina, Msalato. Novemba 2024 alituita sote, akatueleza. Kisha akaagiza Filipo aitwe. Filipo anatunza bustani za ofisi kule Mtumba; alikuja Jumamosi na nguo zake za kazi. Mzee alisema yote, hakujitetea.

"Nimekusikia, mzee," Filipo akajibu. "Lakini aliyekosewa ni mama. Mimi sina ruhusa ya kumsamehea."

Akamaliza chai yake, akaaga kwa heshima, akaenda. Tulidhani mzee angevunjika moyo. Akasema tu, "Kijana kasema kweli. Siku ya kunizika, lisemeni mbele ya watu. Mimi nimechelewa."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, Anyesi. Watoto watatu, Lameck, Penina na Charles. Na wajukuu saba. Tulimpenda, na tunaona haya kwa ajili yake. Yote mawili ni kweli.

Filipo yupo hapa leo, amekaa na dada zake. Familia haimwombi kitu. Tunalisema tu, mbele ya kanisa lilelile: mama Angelina Mlewa hakwenda kuaguliwa. Alikwenda kuosha vidonda vya mgonjwa aliyekimbiwa. Alikuwa Mkristo, na alistahili kuzikwa na kanisa lake.

Mama Angelina, upumzike kwa amani. Na baba yetu naye apumzike. Akikuona huko, aanze yeye kukuamkia.