Futi Ishirini za Ziada

Mheshimiwa Bwana Shauri wa wilaya, Padri Bartholomeo, Jumbe wetu, wazee wenzangu, mama Severina uliyeketi kule nyuma, nanyi nyote ndugu wa Kalenga: kamwene.

Mmeniita nifungue kisima hiki kwa kuwa nimepima maji ya nchi hii miaka ishirini. Niwieni radhi nikisema nimeketi. Kifua changu hakinipi muda mrefu, ndiyo sababu sitasema mliyoyatarajia.

Mwaka 1951 niliongoza kikosi cha kutafuta maji pwani ya kusini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Philbert Kalinga, mzaliwa wa hapa, mume wa mama Severina. Tulipita mchanga, tukapita jiwe la matumbawe, na kwenye futi thelathini na nane tukapata maji matamu. Kalinga akayaonja.

"Mwalimu, tusimame hapa. Wenyeji wanasema maji haya yamekaa juu ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi."

Nikamcheka mbele ya vibarua. "Mhehe mzima unaogopa shimo?"

"Shimo siliogopi, Mwalimu. Naogopa kilicho chini yake."

Ndugu zangu, nani kati yetu hajayafuata maji chini wakati wa kiangazi? Kwetu kisima kikipungua, unachimba. Lakini mimi nilisoma habari za miamba, nilijua kwamba pwani maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, na bado niliamuru futi ishirini zaidi, kwa sababu tu aliyenionya hakusoma kama mimi. Siku ya tatu chumvi ikapanda. Mwezi haukwisha, visima vya jirani navyo vikaharibika, na kina mama wakawa wanatembea nusu siku kutafuta maji.

Katika ripoti niliandika kwamba Kalinga alichimba bila amri. Akafukuzwa. Hapa mkamwita Bwana Chumvi, na hakuna aliyempa hata shimo la choo achimbe. Alikufa mwaka juzi bila kunitaja. Nilikuja mazishini, mama Severina, nikala chakula chako, nikanyamaza.

Bwana Shauri, barua iliyo mezani kwako ina ukweli huu na sahihi yangu. Naomba ikae pamoja na ile ripoti.

Kikombe hiki cha kwanza si changu. Mama Severina, sikuombi msamaha mbele ya watu, maana ungeona haya kuninyima. Naomba tu uje unywe wa kwanza, kwa jina la mumeo. Usipokuja, kikombe kibaki kimejaa, wala asikuulize mtu.

Asanteni kwa kunivumilia hadi hapa.