Historia ya Fundi Masikio, Aliyepasua Beringi Akajikuta Ndani

Ndugu, majirani na wote mliofika kutusitiri, familia imenipa mimi kazi hii ya kusoma kwa kuwa ndimi mdogo wake marehemu, na ndimi mwenye sauti ya kuwafikia hata waliosimama getini, kwa hiyo minong'ono ya kule nyuma isubiri kidogo, nayo nimeitengea mahali pake humu.

Kaka yetu, mliyemwita Fundi Masikio, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba, ukuta mmoja na mashine ya kusaga, na mama alisema mtoto yule alilala mashine ikinguruma, akalia ikizimwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1977, mimi niliishia la tano, walimu wakaona nimetosha, yeye akaendelea na chuo cha ufundi, na mwaka 1981 akaajiriwa kiwanda cha mafuta ya kupikia, upande wa mota.

Huko ndiko alikopata jina, kwa sababu aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, akasema hii imekauka grisi, hii imeingia vumbi, hii mkanda umekazwa mno, na nasema bila kuapa kwamba siku moja alisikia feni ya kiwanda ikikohoa naye yuko kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, akatoka mbio na nusu ya ndevu. Kukaa hakukujua. Alipenda kutuambia beringi haijifii, inauawa, na muuaji si lazima awe yule aliyeishika mwisho.

Mwaka 1987 beringi za pampu kubwa zilianza kufa moja baada ya nyingine, vidole vyote vikamwelekea dada mmoja wa kiwandani aliyekuwa akizipaka grisi, maana ndiye aliyezigusa mwisho, na barua ya kumfukuza ilikuwa inasubiri sahihi tu. Kaka alizunguka ile pampu kama kuku anayetaka kutaga, mwishowe akaipasua beringi moja, akaiosha kwa mafuta ya taa, akakuta grisi haina kosa, ila kwenye njia ya gololi kuna vidonda vilivyoachana sawasawa kama gololi zenyewe, ndiyo alama ya beringi iliyopigwa nyundo wakati wa kufungwa, badala ya kupashwa moto itanuke na kuingia yenyewe, na fundi aliyezifunga zote alikuwa yeye. Angeweza kunyamaza. Alikwenda mlangoni kwa meneja, akasema mbele ya watu, "Mwacheni dada wa watu, nyundo ni yangu."

Alisimamishwa kazi mwezi mzima, na dada yule akamfuata nyumbani kumwambia, "Fundi, kumbe pamoja na masikio hayo, mdomo nao unao!" Walifunga ndoa tarehe 3 Juni 1989, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka jana kifua kilianza kumbana, daktari akamwambia moyo umechoka, ameze dawa na apumzike, yeye akajibu mota ikisimama sana hushika kutu, na dawa akazificha kwenye kopo la gololi. Jumanne iliyopita alikunywa uji, akainuka kwenda kazini, akaanguka mlangoni, akafariki hospitali jioni ileile.

Sasa minongʼono. Dada zangu, tangu juzi mnaulizana uji ule alipika nani, na mmeshapanga shemeji atoke kwenye nyumba. Alipika yeye, kama alivyopika miaka yote, na mnamlaumu tena kwa kugusa mwisho. Mimi nilikuwa nimemshika kaka mkono alipomwambia daktari, muuguzi huyu hapa akisikia, "Dawa sikumeza. Nyundo ni yangu." Shemeji hatoki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba, wafanyakazi wenzake mliosimamisha pampu ili mje, na wewe shemeji, kwa kumvumilia mtu asiyekalika.

Kaka, mota tumeizima wenyewe, usiinuke kuisikiliza. Pumzika kwa amani.