Ubao wa Kupandia Basi

Basi lilisimama, kondakta akashusha ubao, na fundi cherehani mmoja akapanda na kiti chake cha magurudumu. “Kwa mwendo huu tutafika kesho,” alinung'unika muuza mitumba. Mzee aliyekaa nyuma yao akatega sikio.

“Kaka, zamani nilibebwa kama gunia,” fundi alisema. “Tulipokwenda mahakamani, hakimu akaamuru kila basi liwe na ubao. Sasa napanda mwenyewe, na namshukuru mpaka leo.”

“Hakimu habadilishi mioyo ya watu, dada.”

“Mioyo nitaisubiri, kaka, lakini kazini siwezi kuchelewa.”

Mzee alikohoa kuficha kicheko. Basi liliposimama sokoni, muuza mitumba aliliburuta robota lake zito juu ya ubao uleule, huku bado akibisha.

“Shukuru mahakama, kaka!” fundi akamwambia.