Barua Iliyomfikia Marehemu Mwidani

Risala ya Kikundi cha Wachukuzi wa Magunia, Shika Adabu, Oktoba 1991

Mgeni rasmi, Daktari Hafswa Barakat, imamu wetu, na mama zetu mlioketi mbele, assalamu alaykum. Tulikuita, Daktari, nawe umevuka feri ukaja. Karibu mno.

KIKUNDI CHETU
Tu wanaume thelathini na wanne. Mchana twabeba magunia bandarini Kipevu, na jioni wengi wetu hupitia mangweni kunywa mnazi. Imamu atuwie radhi. Katibu wetu Ishaka, anayewasomea, ndiye peke yake asiyeonja, na tulimchagua kwa hilo.

TULIPOFANIKIWA
Mwezi wa Agosti, Daktari, wewe ulitutoa damu sote, hata katibu, aliyetangulia kutuonyesha mfano. Ulitueleza kwamba damu huweza kuonyesha ini lililoanza kuumizwa na pombe, mwenyewe akiwa bado ana nguvu na anakula vizuri. Ukasema pia kipimo kimoja hakikati shauri: mwenye majibu mabaya aache kunywa wiki sita, kisha apimwe tena. Wanane wameacha mnazi tangu siku hiyo.

TATIZO LETU
Mgeni rasmi, tulikudanganya. Nani angetaka jina lake likae katika orodha ya walevi? Na jina la jirani lingemfedhehesha jirani. Basi kila mmoja alitaja jina la marehemu aliyemjia akilini, tukarudi makwetu tukicheka.

Zikaja barua sita. Muuguzi aliulizia nyumba, watoto wakamwelekeza. Moja ilikuwa ya Mwidani, mchukuzi mwenzetu aliyekufa miaka sita iliyopita, tumbo limemvimba na macho yamegeuka manjano. Aliipokea mjane wake, Bi Mwanatabu, huyu hapa mbele. Barua yasema ini la Mwidani limeanza kuumia, na akiacha pombe sasa, huenda akapona.

Bi Mwanatabu alituuliza, "Mbona mwamwambia sasa?" Tangu hapo hafungi komeo la mlango, na kila magharibi humtengea mumewe sahani. Asema asubuhi hukuta chakula kimepungua. Nasi twaogopa kumuuliza zaidi.

Wenye barua watano wamejitokeza. Ngowa alikuwa wa kwanza, akilia, kwani alitumia jina la babu yake. Aliyelitwaa jina la Mwidani amenyamaza. Kazini twachunguzana macho, ingawa ulituambia kwamba mwanzoni hapana cha kuonekana. Mmoja wetu yuko njiani kufa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa, na wiki sita tangu barua zije zaisha Ijumaa hii.

TUNAOMBA
Utusamehe. Utupime tena, safari hii kwa majina tuliyopewa na wazazi wetu. Na uliite jina la Mwidani hapa hadharani, mara tatu. Sote tumeapa kwamba mwenye kulitwaa ataitika.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akurudishe kwako salama.

Ni sisi, Wachukuzi wa Magunia, Shika Adabu.

Wenzangu, hapa risala yenu imekwisha. Haya yaliyobaki nimeyaongeza mwenyewe leo alfajiri. Daktari, usijisumbue kuita. Naam, ni mimi, Ishaka. Nanywa kwa siri mwaka wa kumi huu, na siku ile jina la kaka yangu lilinitoka kabla sijafikiri. Nataka kupona. Shemeji Mwanatabu, nisamehe, na leo ufunge komeo, kwa maana Mwidani wa barua ni mimi, lakini anayekula chakula chako si mimi.