Matoka ya Kijito: Maisha ya Jecinta Waruguru Mbuthia, 1931–1987

Nilipoolewa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwaka 1984, wa kwanza kunipa habari za mama mkwe wangu alikuwa jirani yetu Khadro, muuza vitambaa. Aliniita kando akaninong'oneza: "Mwanangu, kwa huyo mama kula kila kitu, lakini ile sufuria nyeusi usiiguse. Wallahi haina chakula. Anashuka mtoni, anarudi na majani, anachemsha mlango umefungwa. Na mumewe alikufa vipi?"

Khadro yuko nasi hapa leo, na ameniruhusu niyasome haya. Sufuria ilikuwa ya rangi. Marehemu alichemshia humo maganda na mizizi ya kutia rangi katani ya kusukia vikapu vya viondo, na alifunga mlango ili harufu isiwasumbue majirani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa Kandara, ng'ambo ya bonde hili. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la tatu, kisha akaitwa nyumbani kuchunga mbuzi pamoja na nyanya yake. Huko malishoni ndiko alikojifunza miti na majani. Alikuwa akisema shule ilimfundisha kusoma, na mbuzi wakamfundisha kuangalia.

Mwaka 1950 alifunga ndoa na Bwana Mbuthia, fundi wa viatu vya tairi. Walihamia Nairobi mwaka 1964, mume akishona viatu Kariokor, naye akisuka viondo katika kibanda cha kando yake. Walijaliwa watoto wawili. Mwaka 1977 walipata nyumba Umoja, na chini ya mtaa, kuelekea Mowlem, marehemu akakiona kijito.

Mahali pale kijito kinajikunja, na kwenye ile kona palikuwa na msitu mdogo ambao hakuna aliyekuwa ameugusa. Alienda kutafuta maganda ya rangi, akakuta zaidi. Tangu hapo alishuka kila Jumapili baada ya misa, akitazama kilichochanua na kilichokufa. Mwaka 1979 kamati ya mtaa ikakubali kona ile iachwe kama ilivyo. Watoto wa shule wakawa wanaletwa kutazama.

Mimi alinipeleka mwezi wangu wa kwanza. Safari ilianzia darajani kila mara. Kwanza matete, halafu mbariki, halafu thabai inayowasha, halafu maigoya yenye majani laini ya kuivishia ndizi, halafu muringa, mpaka mwisho kwenye mkuyu. Nilitakiwa kutaja bila kusaidiwa. Nikikosea alisimama, mikono kiunoni.

"Umeruka mmoja. Rudi darajani."

"Mama, mpaka darajani?"

"Kwani mti umerukwa kutoka wapi?"

Nilirudi nikicheka, na baadaye nilirudi na mtoto mgongoni, yule aliyepewa jina lake.

Kamati ilipotaka kutia mawe ya mpaka na kupeleka maombi ofisi ya ardhi ili kona iandikwe kuwa ya mtaa, marehemu aliwaambia hakuna haja. Alikuja huku Kandara akachimba matoka, lile ua jeupe lenye mzizi kama kitunguu, akayapanda kuizunguka kona yote. Kwetu itoka ndilo mpaka. Likishapandwa mtu haling'oi, hata akiwa na hasira kiasi gani, kwa kuogopa litakalofuata nyumba yake. "Haya yanatosha," alisema, na wazee wa kamati, ambao wengi ni wa huku kwetu, wakaona kweli yanatosha. Hakuna aliyeenda ofisini.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 8 Septemba 1986 trekta ilikuja. Kona ilikuwa imepewa mtu, na karatasi alikuwa nazo. Marehemu alisimama mbele ya matoka. Dereva, kijana aliyeitwa Maingi, alizima injini akashuka kwa heshima.

"Mathe, si hizi ni maua tu?"

"Ni mpaka, mwanangu."

"Mpaka iko kwa karatasi. Hizi utapanda zingine, mathe. Ni maua mazuri sana."

Hakuwa na ubaya. Kwao hawalijui itoka. Khadro alileta stuli, akamkalisha marehemu na kumshika bega, na wakatazama pamoja mpaka mkuyu ukaanguka. Kamati ilienda ofisini mara nyingi baada ya hapo. Haikujibiwa.

Tangu siku hiyo marehemu hakusuka tena. Presha ilipanda, kisha figo zikaanza kukataa kazi. Tulipomwambia hakuwa na kosa, alijibu, "Ni mimi nilisema yanatosha," akageukia ukutani. Alilazwa Januari na tena Machi, na madaktari wakatuambia tumpeleke nyumbani. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Mei 1987, akiwa na miaka hamsini na sita.

Ameacha mwana, Irungu, binti, Wacera, mimi mkaza mwana wake Lydiah, na mjukuu mmoja, Waruguru. Tunamlaza kando ya mumewe, aliyetangulia mwaka 1981. Mpaka wa shamba hili una matoka ya babu zake Mbuthia, nayo bado yamesimama. Mungu amkalishe mahali pasipopimwa.

Jumapili kabla hajafariki alinituma nishuke na mtoto nikatazame kama kuna kilichochipua. Nilikuta changarawe, ukuta wa mawe, na maji yamefungiwa ndani ya mtaro wa saruji. Nilirudi nikasimama mlangoni nikitafuta la kumwambia. Alinitazama viatu. Havikuwa na tope.

"Usiniambie," alisema. "Kaa hapa kitandani, mlete mtoto karibu. Anzia darajani, Lydiah, unitajie mmoja mmoja. Na usiruke."