Mafuta ya Nundu kwenye Breki za Adow

Benchi lililo mbele ya duka la Lul, mtaa wa Galbet, lina wenyewe, na ole wako ukikalia nafasi ya Injinia. Mustafe huyo anaitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kulinda mashine za kutengeneza barabara. Kulinda tu, jamani, hata ufunguo hakupewa. Mwenzake Kulow ni Redio, maana hazimiki. Asubuhi hiyo kahawa ya tangawizi ilikuwa moto, lakini Adow hakuigusa. Corolla yake kuukuu ilikuwa imepiga yowe ilipofunga breki mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali, wazee wote wakageuka, naye akatamani ardhi immeze. Na sasa binti yake Sadia alikuwa nyumbani akijitanda mtandio, tayari kuichukua gari hiyohiyo avuke daraja la Tana, amlete nyanyake kutoka Madogo.

— Ni mchanga, alisema Redio. Si ulienda Liboi juzi? Mchanga ya huko ikiingia kwa breki haitoki.

— Mchanga! Injinia akacheka. Waryaa, hiyo ni joto. Chuma ikipata joto inajikunja, ikijikunja inalia.

— Mbona asubuhi na baridi ndiyo inalia zaidi? Adow aliuliza.

— Imezoea.

Redio akashusha sauti.

— Wallahi mimi naona ni yule tajiri wake wa kwanza, Mungu amrehemu. Uliinunua kwa mjane, hukuisomea hata dua. Gari inamlilia mwenyewe.

— Astaghfirullah! Mtoto wangu anaingia humo, Redio! Wacha upuzi!

Alifoka kwa hofu. Fundi yuko mtaa wa pili tu, Adow alijua. Lakini kumpelekea fundi gari huku Injinia ameketi hapa ni kumvunjia heshima mbele ya watu, na Adow hana ubavu wa hilo.

— Sikia, walaal, Injinia akasema. Kwenu Wajir, kapi ya kuvutia kamba kisimani ikilia mnafanya nini?

— Tunapaka mafuta ya nundu ya ngamia.

— Inanyamaza?

— Inanyamaza kabisa.

— Sasa chuma ya kisima na chuma ya gari, tofauti gani?

Adow alitafuta tofauti, hakuipata. Lul akatoa kopo la mafuta ya nundu dukani. Adow akalala chini, akapenyeza vidole kwenye matundu ya rimu, akazipaka zile sahani za breki za mbele, kulia na kushoto, mpaka zikang'aa. Injinia alisimama juu yake akitoa amri.

Sadia akaja.

— Aabo, iko sawa?

— Iko sawa, mwanangu. Nenda polepole.

Gari ikaondoka. Pale kwenye kona Sadia akapunguza mwendo, akapinda upande wa kulia. Kimya! Si yowe, si hata mguno.

— Maasha Allah! Redio akaruka. Injinia, wewe ni hatari!

Injinia akanyoosha miguu, akadai kikombe cha pili. Adow naye akashika chake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Ndipo akafika Ramlo, muuza maziwa ya ngamia, akatua madumu yake kivulini.

— Hiyo si gari ya Adow imepita? Leo mbona hailii?

Injinia akamweleza yote: kisima, kapi, nundu, akili. Ramlo akasikiliza mpaka mwisho.

— Haye. Na inasimama?

Redio akamtazama Injinia. Injinia akatazama kahawa. Hata Lul, aliyekuwa akipima sukari, aliacha.

— Nauliza tu, Ramlo akasema. Inasimama?

Adow alikuwa ameshapiga simu, vidole bado vinateleza mafuta. Iliita, ikaita, ikashikwa.

— Sadia! Sadia, mwanangu, usi—

— Aabo, nashuka darajani, kuna mbuzi wengi. Nitakupigia.

Ikakatika. Adow akaipiga tena, haikushikwa. Akatoka mbio barabarani, macawis yake ya kiunoni ameikunja mkononi, akipungia kila tuktuk inayopita, na kila moja ilikuwa imejaa.