Laurian Ntandu na Bikoni za Mbuga ya Mukhoni

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu, Mwalimu Febronia. Anausoma mdogo wa marehemu, Calist, ambaye ameombwa ausome ulivyo, asiongeze wala asiruke.

Kabla ya tarehe ya kuzaliwa, familia inasahihisha jambo moja. Imesemwa kwenye foleni ya maji, imesemwa mnadani, na tangu juzi inasemwa hata chini ya turubai la msiba huu, kwamba Laurian Ntandu alihongwa na wachimbaji wa mchanga ili asogeze bikoni, zile nguzo za mpaka, za Mbuga ya Mukhoni. Hakuhongwa. Hakusogeza kitu. Bikoni ziliwekwa mahali pasipofaa, na sababu yake itasomwa ikifika zamu yake.

Laurian alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Mungaa, mtoto wa nne wa Mzee Ntandu na Mama Kristina. Alichunga ndama ukingoni mwa maji ya Mukhoni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alirudi nyumbani na matope hadi masikioni kila siku ya mvua, siku ya komunio yake ya kwanza ikiwemo.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Mungaa, 1964 hadi 1970, kisha sekondari mjini Singida. Mwaka 1978 alihitimu ufundi sanifu katika chuo cha maji, Dar es Salaam, akapangiwa kazi Itigi. Huko alikaa miaka mitano, akichimba visima katika vichaka ambako watu walimwambia hakuna maji. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili na kusema mara moja.

Mwaka 1983 alihamishiwa Nduguti. Katika shule ya huko palikuwa na kisima kirefu na mwalimu kijana, Febronia. Mwezi wa kwanza fundi alifika mara tatu kupima kina cha kisima hicho. Mara ya tatu mwalimu akamwambia, "Fundi, kisima hiki hakirefuki." Akajibu, "Najua, Mwalimu. Leo hata kamba sikuja nayo." Walifunga ndoa hapa Mungaa tarehe 29 Desemba 1984. Alimwita mkewe Mwalimu hadi mwisho, naye alimwita Baba Editha.

Alistaafu mwaka 2016, wakarudi nyumbani. Mwaka 2021 wachimbaji walileta katapila Mukhoni kuchimba mchanga na udongo wa matofali. Walikuwa na kibali. Kijiji kilikwenda mahakamani, kikisema kibali hicho kinavunja sheria inayokataza kuchimba ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji. Wachimbaji hawakubishia mita sitini. Walibishia ukingo ni upi. Mbuga yetu kila mtu anaijua: Machi maji yanafika kwenye minyaa ya mashamba, Septemba kimebaki kidimbwi katikati. Mahakama iliagiza apatikane mpimaji anayekubaliwa na pande zote mbili, na pande zote mbili zikamtaja Laurian.

Ilikuwa Septemba 2022. Laurian alitaka kusubiri mvua. "Maji hupimwa yakiwa nyumbani," alisema. "Sasa hivi yamesafiri." Mkewe hakukubali. Harusi ya binti yao Pendo ilikuwa Oktoba, wakwe walikuwa wanatoka Nduguti, na yeye, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, hakutaka wageni wakute baba wa bibi harusi anaitwa mahakamani kila mwezi. Alimwambia, "Baba Editha, maliza hiyo kesi. Jina letu litaokotwa barabarani."

Alikwenda, akapima mita sitini kutoka ukingo wa kidimbwi, akasimika bikoni kumi na moja. Lakini katika rasimu ya taarifa yake aliandika kwamba kipimo hicho ni cha kiangazi tu, na kwamba bikoni zisitumike kuruhusu uchimbaji mpaka vipimo virudiwe Machi. Mwandiko wake haukusomeka vizuri, hivyo tangu waoane mkewe ndiye aliyenakili taarifa zake. Safari hii sentensi hiyo hakuinakili. Aliona itamrudisha mumewe mahakamani. Laurian alisaini bila kusoma, kama alivyozoea.

Mahakamani, wakili wa wachimbaji aliisoma taarifa kwa sauti hadi mwisho. Laurian aligeuka akamtazama mkewe, aliyekaa benchi la nyuma. Hakimu akauliza, "Mzee, haya ndiyo maelezo yako?" Akasema, "Ni yangu, mheshimiwa."

Njiani kurudi nyumbani alisema maneno haya tu: "Mwalimu, wakisema fundi kakosea, kakosea mzee mmoja. Wakisema mwalimu mkuu kaficha, watatilia shaka kila ulichowafundisha. Tunyamaze." Wakanyamaza.

Mahakama iliamua kwamba ukingo ni ule wa bikoni, na katapila likachimba nje yake kwa mujibu wa hukumu. Mvua zilipokuja mashimo yalijaa, na ng'ombe saba wa Mzee Alute walizama humo. Kiangazi kilichofuata visima vya akina mama vilikauka, kwa kuwa udongo mzito uliokuwa ukishika maji ulikuwa umekwanguliwa. Jumapili moja, nje ya kanisa, Mzee Alute alimwita, "Mzee wa mita sitini! Hebu tupimie, altare iko umbali gani?" Laurian akajibu, "Kwako wewe, Alute, hata ukibatizwa upya bado ni mbali." Watu walicheka, Mzee Alute naye akacheka. Siku hiyo Laurian hakugusa chakula.

Machi 2024 alikwenda Mukhoni peke yake na kamba yake, akapima ukingo wa kweli na kuuandika kwenye daftari. Bikoni zote kumi na moja zilikuwa chini ya maji.

Alipatwa na kiharusi tarehe 2 Februari 2025, akapoteza usemi. Mkewe alimwomba ruhusa ya kusema ukweli. Hakuweza kujibu, na mkewe hatadai kwamba macho yake yalijibu. Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Singida.

Ameacha mjane, watoto watatu, Editha, Joseph na Pendo, wajukuu wanane, na mdogo wake Calist. Mungu ampe pumziko ambalo miaka hii ya mwisho hakulipata hapa kwetu.

Mjane anamwomba radhi Mzee Alute, na akina mama wanaofuata maji mbali. Rasimu yenye mwandiko wa marehemu, pamoja na daftari la Machi 2024, vilikabidhiwa jana kwa wakili wa kijiji. Atakayoulizwa mahakamani atayajibu huko. Hapa hasemi zaidi.